Ualimu Pasipo Elimu

Mzaha huu mnaujua, hata ninyi mliozaliwa juzi. Kwa maandishi ya serikali, UPE ulikuwa mpango wa kumpatia kila mtoto elimu ya msingi. Kwa lugha ya vijiweni, UPE ni "Ualimu Pasipo Elimu". Mimi niliusikia mara ya kwanza nikiwa darasa la tano. Mjomba mmoja aliutoa sebuleni kwetu siku ya Idi, watu wakacheka mpaka chai ikawapalia, nami nikacheka pamoja nao ingawa sikuelewa vizuri. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Jikoni alikuwamo bibi, mzaa mama, anapakua pilau. Bibi yangu ni mwalimu wa UPE.

Ndugu msomaji, najua jarida letu hili ni la hadithi na mashairi, na pengine unajiuliza historia ya mafunzo ya ualimu imeingiaje humu. Vumilia kidogo. Hata mimi nilitaka kuandika hadithi. Niliianza mara mbili, bibi akiwa shujaa wake, na mara zote mbili ilikwama. Nitakueleza mbele ni nani aliyeikwamisha.

Mwaka jana mwezi wa Januari, stashahada yangu ya ualimu bado inanukia wino, nilianza kujitolea katika shule moja ya msingi pembezoni mwa Dar es Salaam. Ajira ya serikali ilikuwa bado, na kukaa nyumbani kunachosha kuliko kufundisha. Nikapewa darasa la pili, mkondo B. Watoto 112. Wapo waliotoka Kigoma majuzi, wapo ndugu wawili wanaosemezana Kimakonde wakidhani sisikii, yupo binti mwenye ualbino ambaye ubao kwake ni ukuta mweusi tu, wapo wanaokuja wamekunywa chai na wanaokuja hawajala tangu jana. Na nyuma kabisa, kando ya dirisha, alikuwapo mvulana mmoja aliyekuwa akigeuka huku na huko kila nikiongea. Siku tatu nilimhesabu kuwa mtukutu. Siku ya nne nikaangusha rula ya chuma nyuma yake, darasa zima likashtuka, yeye wala.

Mwalimu mkuu hakunifokea. Ni mtu mwema. Alisema ataandika barua mtoto apelekwe kwenye shule yenye kitengo cha viziwi. Kitengo cha karibu kilikuwa safari ya daladala mbili, na mama yake mtoto anauza maandazi alfajiri. Sasa nisikufiche, ndugu yangu: nilipoisikia ile habari ya barua, nilifurahi. Mimi niliyejibu swali la elimu jumuishi kwenye mtihani wa chuo, tena nikajibu vizuri, hoja sita na utangulizi na hitimisho, nilifurahi kama mtu aliyetuliwa gunia la mkaa. Barua ikaandikwa. Ikakaa mezani ikisubiri mama aje asaini. Juni ikafika, shule zikafungwa, nikapanda basi la Kondoa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Mbona umekonda hivyo, watoto wa watu wanakutafuna?"

Nikamweleza. Hakunijibu. Aliingia ndani akatoka na sanduku la bati, na ndani ya sanduku mlikuwa na vijitabu vilivyofungwa kwa kamba ya katani, karatasi zimekuwa za rangi ya chai. Ndivyo vilivyokuwa chuo chake.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, maana bila hivyo vijitabu havieleweki. Tunapenda kuzungumza kana kwamba darasa lenye watoto wa kila namna ni jambo jipya lililoletwa na washauri wa kigeni. La hasha. Nchi hii imekuwa ikichanganya watoto kwa amri tangu ilipopata bendera. Mkoloni alikuwa na shule za Wazungu, shule za Waasia na shule za Waafrika, kila moja na bajeti yake. Sheria ya Elimu ya 1961, iliyoanza kutumika Januari 1962, ikaufuta utaratibu huo. Mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule ya msingi yote. Sheria ya 1969 ikaziweka mikononi mwa serikali shule za mashirika zilizokuwa zikipata ruzuku, kwa hiyo mtoto wa Kiislamu na wa Kikristo wakakaa dawati moja bila mtu kulazimika kubadili jina. Mwaka 1973 ada ya shule ya msingi ikaondolewa. Kila amri ilifungua mlango mmoja zaidi. Ila mwalimu ni yule yule, na mafunzo yake yale yale.

Kisha ikaja Musoma. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana huko na kuamua kwamba watoto wote wa umri wa kwenda shule wawe shuleni ifikapo Novemba 1977. Mpango wa awali ulikuwa 1989. Yaani miaka kumi na miwili ilikunjwa kama mkeka. Watoto walikuwapo tayari, hao hawahitaji mpango. Majengo wanakijiji wangejenga kwa udongo na nyasi. Walimu je? Vyuo vyote vya nchi vikijazwa mpaka paani visingeweza kutoa nusu ya waliohitajika.

Jibu lililopatikana lilikuwa la ajabu, na naomba uliangalie kwa jicho la mtu ambaye hajausikia ule mzaha. Walichukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wengi wao hawajafika miaka ishirini, wakapelekwa moja kwa moja darasani. Nusu ya siku wafundishe madarasa ya chini, nusu ya siku wasome wao wenyewe ili wawe walimu. Masomo yalikuja kwa vijitabu vya elimu kwa posta na kwa vipindi vya Radio Tanzania. Kila kata ikapewa mratibu wa elimu wa kuzunguka shule hadi shule, akae nyuma ya darasa, asahihishe, aelekeze. Mwaka wa tatu mwanafunzi huyo alikwenda chuo cha ualimu kwa wiki sita tu, kisha mtihani. Fedha na vifaa vilitoka kwa serikali, UNICEF na Waswidi. Vijana zaidi ya 45,000 waliingia kwenye mpango huo tangu 1976, kwa awamu tatu, na takriban 35,000 wakatoka na cheti. Watoto wa shule za msingi, waliokuwa kama milioni moja na robo mwaka 1974, walifika milioni tatu na nusu mwaka 1981.

Bibi alikuwa awamu ya kwanza. Miaka kumi na saba, nywele mbili-tatu kichwani, viatu vya kuazima. Yeye ni Mrangi wa Kondoa, lakini alipangiwa kijiji kimoja upande wa Kwa Mtoro, ambako leo ni wilaya ya Chemba. Kijiji chenyewe kilikuwa kipya. Operesheni Vijiji ilikuwa imewakusanya watu waliokuwa wakiishi mbalimbali, ikawapanga kwenye mistari kama mihogo. Humo darasani mwake mlikuwa na watoto wa Kirangi, wa Kiburunge na wa Kisandawe. Ukitaka kujua maana ya darasa mchanganyiko, anzia hapo. Kirangi ni Kibantu. Kiburunge ni cha jamii ya Kikushi, jamaa zake wa mbali wako Ethiopia na Somalia. Kisandawe ndicho kile chenye sauti za kupiga ulimi, ambacho wanaisimu mpaka leo wanabishana ni ndugu wa nani. Kiswahili, lugha ya kitabu, hakikuwa cha nyumbani kwa mtoto hata mmoja. Tena si wote wa miaka saba. Darasa la kwanza lilikuwa na vijana wa miaka kumi na minne waliokuwa wanachunga, sauti zimeshakatika, wanakaa na wadogo zao wa kunyonya vidole.

"Sasa bibi, ulifanyaje?"

"Nilifanya nini? Nililia wiki nzima."

Baada ya kulia, alianza kuangalia. Aligundua kwamba wale wachungaji wakubwa, kwa sababu ya kukutana visimani, wanajua lugha mbili-tatu. Akawatawanya, kila mmoja akae katikati ya wadogo. Yeye anasema neno kwa Kiswahili, wao wanalipitisha. Hesabu akaifundisha kwa mbegu za ubuyu, maana mbuyu haukosekani na mbegu moja haihitaji tafsiri. Kila Jumatatu watoto walileta kitu kimoja kutoka nyumbani, kibuyu, ungo, kengele ya mbuzi, wakakitaja kwa lugha zote, kisha kwa Kiswahili, kisha wakakiandika. Utaratibu wa serikali ulikuwa Kiswahili peke yake, kwa hiyo mtoto mmoja alikaa mlangoni kusikiliza kengele ya baiskeli ya mratibu. Ikilia, darasa zima linageuka Waswahili wa Pwani ghafla.

Nilicheka sana. Lakini nikiwa nacheka nikakumbuka jambo. Chuoni kwetu tulitumia somo zima kujifunza "kutumia rasilimali za mazingira" na "kujifunza kutoka kwa rika". Tuliyanakili ubaoni. Bibi aliyajua kabla hayajapata majina, kwa sababu asubuhi watoto walimshinda, na jioni alisoma kijitabu akijua kabisa anatafuta nini ndani yake. Sisi tulisoma miaka miwili tukitafuta maksi. BTP yetu, mazoezi ya kufundisha, ilikuwa wiki chache katika shule nzuri karibu na barabara ya lami, andalio la somo limepigwa pasi, mkufunzi akija watoto wenye shida wanakalishwa nyuma.

Watafiti nao walijiuliza. Mählck na Temu, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1989, waliwalinganisha walimu waliosomea kazini na wale waliokaa vyuoni. Tofauti waliyoikuta ilikuwa ndogo kuliko kejeli zilivyodai. Lakini utafiti hauchekeshi, mzaha unachekesha. Kwa hiyo mzaha ukabaki. Na si wao peke yao waliopewa jina la kejeli. Ulipokuja mpango wa MMEM mwaka 2002 na ada kufutwa tena, mafunzo yakawa mwaka mmoja chuoni na mwaka mmoja kazini. Sekondari za kata zilipochipua kama uyoga, vijana wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache wakaitwa "voda fasta". Mnaona mtindo? Haraka ni ya wakubwa, jina la kejeli ni la mwalimu.

Basi nikawa nimeipata hadithi yangu. Msichana wa miaka kumi na saba, mbegu za ubuyu, kengele ya baiskeli. Usiku ule nilimsomea bibi kurasa mbili za kwanza kwa mwanga wa simu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Umenipaka asali mwili mzima. Utaniletea siafu."

Ndipo aliponionyesha daftari la mahudhurio. Si la serikali, ni nakala yake mwenyewe, ya mwaka 1978. Mwaka ule sheria mpya ya elimu ilifanya iwe lazima kila mtoto wa miaka saba mpaka kumi na mitatu aandikishwe, na mgambo walipita nyumba kwa nyumba. Kaka mmoja alimleta mdogo wake wa kike, kama wa miaka tisa. Bibi akamwita jina, kimya. Akamwita tena, kimya. Kiboko cha kwanza. Kesho yake vivyo hivyo. Siku ya tatu, mkono wa binti umeshavimba, mtoto mmoja wa darasa akasimama akasema, "Mwalimu, huyo hasikii."

Siku tatu. Mimi nilikuwa nimehesabu siku tatu zangu kimoyomoyo, sikumwambia.

Alipekua vijitabu vyote. Kulikuwa na ukuaji wa mtoto, kulikuwa na siasa, kulikuwa na namna ya kutengeneza gundi kwa unga wa muhogo. Mtoto asiyesikia hakuwamo. Mratibu alipokuja akamwambia watoto hao wana shule zao. Na kweli zilikuwapo. Shule ya wasioona ya Buigiri, huko huko Dodoma, ilianzishwa na kanisa la Anglikana mwaka 1950. Shule ya viziwi ya Tabora ilianzishwa na Wakatoliki mwaka 1963. Dar es Salaam, Uhuru Mchanganyiko ilishaanza kupokea wasioona pamoja na wengine. Lakini shule hizo zilihesabika kwa vidole, wakati Musoma ilisema "watoto wote". Baba wa binti aliuliza swali moja tu: Tabora iko wapi? Bibi hakujua nauli. Mratibu hakujua nauli. Binti aliendelea kuja wiki moja zaidi, anakaa nje chini ya mti, anachora chini kwa kijiti. Kisha hakuja.

"Nikampigia mstari," bibi alisema. Na mstari ule upo, nimeuona. Umepigwa kwa rula, umenyooka vizuri. Mbele yake, kwa mwandiko wa msichana wa miaka kumi na tisa, kuna neno moja: *hasikii*.

"Ukiandika, mwandike na yeye. Kama humwandiki, usiniandike na mimi."

Ndiyo maana hii si hadithi. Katika hadithi ningemrudisha yule binti. Ningemfanya awe fundi maarufu wa vyungu, akutane na bibi sokoni, walie. Ninyi mnaoandika mnajua kishawishi hicho. Lakini bibi alimtafuta miaka ya themanini, akaambiwa familia imehama, basi.

Baada ya hapo maneno yamekuja mengi, na nitayapitia haraka kwa sababu ni rahisi kuyapata kuliko kuyaona. Mwaka 1994 wawakilishi wa serikali 92 walikutana Salamanca, Hispania, wakakubaliana kwamba shule ya kawaida ndiyo mahali pa kila mtoto. Temeke, Dar es Salaam, ikawa moja ya sehemu za kwanza kujaribu jambo hilo hapa kwetu mwishoni mwa miaka ya tisini. Chuo cha Patandi, kule Arusha, kinatoa walimu wa elimu maalumu. Mwaka 2009 nchi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na mwaka huo huo ukaja mkakati wa kwanza wa taifa wa elimu jumuishi. Mwaka 2010 ikatungwa sheria. Mwaka 2016 elimu bila malipo ikaanza, madarasa yakafurika tena kama enzi za bibi. Siyadharau hata kidogo. Bibi angekuwa na nusu ya hayo, yule binti asingepigwa.

Ila sikubali tunapojipongeza kwamba sasa mwalimu mpya ameandaliwa. Bibi alikuwa na mtoto bila kitabu. Mimi nilikuwa na kitabu bila mtoto. Katika miaka yangu yote ya chuo sikukaa hata saa moja na mtoto kiziwi, sikufundishwa ishara moja, hata ya "njoo" au "maji". Nilichofundishwa vizuri ni jina la yule ambaye nitampelekea mtoto wangu. Na ule mpango wa 1976, pamoja na haraka yake na gundi yake ya muhogo, ulikuwa na kitu ambacho sisi tumekipoteza: mwalimu alijifunza huku watoto wake mwenyewe wako mbele yake, miaka mitatu, na mtu mwenye uzoefu akija kwa baiskeli kumkalia nyuma. Mimi tangu Januari hakuna aliyekuja kukaa nyuma ya darasa langu. Wamekuja wakaguzi wa maandalio, ndiyo. Wameangalia wino.

Julai nilirudi. Nilimhamisha yule mvulana kutoka dirisha la nyuma mpaka dawati la mbele pembeni, mahali anapoona uso wangu na nyuso za wenzake pia. Nikaacha kuongea huku nimegeukia ubao, tabia ambayo inanishinda mpaka leo. Kijiweni kwetu yuko fundi cherehani, kiziwi, ambaye nilikuwa nikipita mbele yake kila siku bila salamu kwa sababu sikujua namna ya kumsalimu. Nilimwandikia kikaratasi. Jumamosi alikuja shuleni, akawafundisha watoto kumi na watano na mwalimu wao ishara thelathini. Watoto walishika zote. Mwalimu alishika kumi na moja.

Sasa mimi nina jina. Kuniita, mvulana yule anajikuna kidevu, kwa ajili ya vindevu vyangu hivi vitatu, na darasa zima siku hizi linaniita hivyo hata wale wanaosikia. Kujumlisha na kutoa anaweza kuliko wengi. Kusoma, bado. Anaandika jina lake na la mama yake, na kila herufi anaitazama kama kitu kilichopotea. Kuna siku nakaa ofisini baada ya vipindi, wenzangu wameondoka, nikifikiri kwamba pengine kule kwenye kitengo, na walimu wanaojua, angekuwa ameshasoma kitabu kizima, na kwamba namshikilia kwa ajili ya binti mmoja wa mwaka 1978 ambaye yeye hamjui. Mama yake nimemweleza yote. Anasema ataamua Januari.

Barua bado iko mezani kwa mwalimu mkuu. Haijasainiwa, na hakuna aliyeichana.